Aliyeachwa Nje ya Nyumba ya Kistler

Vitabu vya rafu ya chini vilianza kunuka moshi mwezi wa Novemba. Lovina Kistler alikuwa akivitengeneza na kuviuza vitabu vya zamani sebuleni kwake, chini ya Mlima Buluu, Pennsylvania. Hasa vile vya walowezi wa kwanza, jinsi walivyofyeka misitu, walivyojenga nyumba za magogo na kupigania ardhi na Walenape waliowakuta pale. Alivianika karibu na jiko, akavipangusa kwa siki. Harufu haikutoka. Haukuwa moshi wa kuni. Ulikuwa moshi wa nyumba inayoungua na kila kilichomo.

Mumewe, Ammon, alimwambia pua yake imeharibiwa na gundi. Yeye alivipenda vitabu hivyo kupita kiasi, kwa kuwa karibu vyote vilimtaja babu wa babu yake, Jost Kistler, aliyejifungia ndani na wanawe siku Walenape walipowavamia, akailinda nyumba kwa bunduki moja hadi wavamizi wakakata tamaa. Mteja hakutoka bila kusomewa ukurasa huo.

Kisha mlango ukaanza kugongwa, jioni, wakati wa chakula. Haukugongwa kwa ngumi bali kwa viganja, chini kabisa, usawa wa kifua cha mtoto. Ammon alipofungua hakukuta mtu, na theluji ya barazani haikuwa na alama ya mguu.

"Ukoo wenu una wageni wenye haya," Lovina alimtania siku ya kwanza.

Baada ya hapo hakutania tena. Akaacha kula. Akawa anashtuka Ammon akisoma kwa sauti, na asubuhi moja Ammon aliona viganja vyake vimevimba, vimejaa vibanzi vya mti. Alipomuuliza, Lovina aliitazama mikono yake kama ya mtu mwingine.

Jumapili moja, jua likizama, Lovina alitoka kuwafungia kuku. Ammon alikuwa anakoroga supu, mlango ukagongwa. Alichungulia dirishani, akamwona mkewe amepiga magoti kwenye theluji, hana viatu, anaupiga mlango kwa viganja vinavyotoka damu, mlango ambao haukuwa umefungwa na ambao angeusukuma kidogo tu ungefunguka, na sauti iliyomtoka kinywani ilikuwa ya msichana mdogo, nyembamba, inayotweta, ikisema, "Bwana Jost, nifungulie. Nawasikia wanakuja. Bwana Jost, mimi hapa," na moshi ule ukawa unapenya chini ya kizingiti ukimfikia Ammon miguuni, hata akajikuta mlangoni na, bila kujua mkono wake unafanya nini, akalisukuma komeo likafunga.

Akampigia simu Salome Trexler, jirani yao, mama mzee aliyeponya watu kwa maombi na uzi mwekundu. Salome alikuja upesi, akaingilia mlango wa jikoni. Viganja bado vilikuwa vinagonga, sasa polepole.

"Nani kafunga?" Salome aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mimi."

Salome alivua glavu zake. Akamwambia kile ambacho bibi yake alimwambia yeye: kwamba Jost alikuwa na kijakazi, yatima aliyemnunua melini kwa deni la nauli yake, na siku ile alikuwa zizini akikamua, nyumba za majirani zikiungua. Alikimbia hadi mlangoni. Aligonga mpaka akanyamaza.

"Vitabu havisemi hivyo," Ammon alinong'ona.

"Jost ndiye aliyesimulia. Fungua mlango, Ammon. Mkeo anaganda."

"Na kikiingia?"

"Ndicho kinachotaka. Umwambie aingie."

Ammon alivuta komeo, akafungua mlango. Alisema, "Ingia," na kitu cha baridi kikampita chini ya kwapa, kifupi, chenye haraka, kikaenda moja kwa moja hadi kwenye jiko. Lovina akaanguka kizingitini. Salome alimfunga uzi viganjani, akampulizia usoni kwa jina la Utatu, kisha akaligeukia jiko na kuongea kwa upole, kwa Kijerumani cha zamani, kama anavyobembelezwa mtoto aende kulala. Moto ulilala, ukainuka. Harufu ikakatika.

Lovina alipata fahamu akiwa kitini, amefunikwa blanketi. Ammon alipiga magoti akamshika mikono, akilia kwa shukrani.

"Nilikuwa nakuona dirishani," Lovina alisema. Sauti ilikuwa yake. "Nilikuwa humo humo mwilini mwangu, Ammon, siwezi kusema. Ulijua ni mimi?"

Ammon alijibu kwamba hakujua.

Lovina aliitoa mikono yake mikononi mwake taratibu. Ammon alimgeukia Salome, kana kwamba anaomba dawa nyingine.

"Pepo ameondoka," Salome alisema. "Haya mengine si kazi yangu."

Lovina akamwomba Salome amsaidie kuvaa viatu, waondoke pamoja.