Ng'ombe Wangu Waligeuka Gari

Ndugu wasomaji, nina miaka arobaini na saba na sina mahali ninapoweza kupaita kwetu. Nimepika chakula cha vibarua Bukoba, nimeanika dagaa Ukerewe, nimetembeza vitenge Musoma, na sasa nina kibanda cha uji hapa Mkuyuni, ambacho najua sitakaa nacho sana. Nikizoea mahali, miguu inaanza kuniwasha. Watu husema Kabula ana pepo la safari. Sina pepo... Sina zizi la kurudi!

Juzi wateja wangu, madereva wa bajaji, walikuwa wanabishana kibandani. Eti gari la mtumba linapaswa kudumu miaka mingapi ndipo mwenye gari aseme halikumlia hela yake? Mmoja alisema mitano inatosha. Mwingine akaapa kwamba chini ya kumi umeibiwa. Wa tatu akasema mnabishana bure, kila kitu ni oili. Kisha wakanigeukia kwa utani: "Na wewe mama uji, unasemaje?"

Niliacha mwiko ndani ya sufuria, nikaenda nyuma ya kibanda kulia. Laiti wangejua!

Nilizaliwa kijijini, njia ya kwenda Kigongo. Mama alifariki mapema, tukabaki na baba na mdogo wangu mmoja tu, Shija, ambaye nilimlea mgongoni. Nilimaliza kidato cha nne, nikakaa nyumbani. Nilipofikisha miaka ishirini na mitano alikuja kuniposa Masanja, mkulima wa pamba na mfugaji kutoka ng'ambo ya ziwa, juu kidogo ya Kamanga.

Alitoa ng'ombe ishirini. Ishirini! Hadi leo nawaona... yule mwekundu mwenye pembe moja iliyopinda, yule mtamba mweusi aliyependa kunusa nguo zangu. Jioni ile zizi la baba lilijaa vumbi na moshi wa samadi. Kama kuna harufu ninayoitafuta katika miji yote hii ninayohamahama, ni ile.

Kwetu Usukumani ng'ombe wa binti si mali ya kuchezea. Kaka yake huwatumia hao kuoa. Na ndoa ikivunjika, wanarudishwa kwa mume, mwanamke akabaki huru kwao. Wakirudi wote, hata mtoto anaondoka naye. Wasiporudi, huyo bado ni mke wa mtu, na mtoto ni wa baba yake. Kwa hiyo wale ng'ombe zizini ndio waliokuwa mlango wangu wa kutokea. Naomba mlishike hilo, maana mimi sikulishika.

Mwaka uliofuata Shija, aliyekuwa utingo kwenye lori la samaki, alikuja na wazo lake. Wale ng'ombe wauzwe, linunuliwe pikapu. Nilikuwepo siku hiyo, nimekuja kusalimia, nina mimba kubwa. Baba alitikisa kichwa.

"Ng'ombe anazaa," alisema. "Hilo gari lako linazaa?"

"Gari linazaa kila jioni, baba! Tena halisubiri dume."

Tulicheka sote, hata baba. Kisha akanigeukia akasema ng'ombe ni wa kwangu, nitoe neno. Na mimi, wasomaji wenzangu, niliona fahari! Niliona mdogo wangu anashika usukani mjini, watu wananyoosha vidole, wanasema yule ni mdogo wake Kabula.

"Mpe tu, baba," nilisema. "Kwani nani atakuja kuwadai?"

Ulimi huu... ulimi huu!

Ilikuja pikapu nyeupe. Nyuma, kwenye mlango wa bodi, Shija alimlipa mchoraji aandike kwa rangi nyekundu: ASANTE DADA. Nilipoiona mara ya kwanza nililia kwa furaha. Alihamia hapa Mkuyuni, akawa anavuka ziwa kwa kivuko kwenda Kamanga kubeba samaki na dagaa.

Nami nilijifungua binti, Minza. Ndipo Masanja alipoanza kunipiga.

Kwanza ilikuwa kofi, halafu fimbo ya kuchungia. Sababu? Mboga imepoa, mtoto analia, pamba imenunuliwa kwa bei mbaya. Na alikuwa na dhihaka moja aliyoipenda kuliko zote. Akirudi kutoka Kamanga alikaa mlangoni, akavua kofia, akasema kwa sauti ya majirani wote kusikia: "Leo nimewaona ng'ombe wangu wanavuka ziwa. Wamenipita wakipiga honi. Hawakunisalimia!" Majirani walicheka. Alinipiga baada ya kicheko.

Nilipokimbia mara ya kwanza, mtoto mgongoni, nilikwenda kwa baba. Aliinama chini. Akaniambia ng'ombe wangu hawako zizini, wako Mkuyuni, nikamwone mdogo wangu. Shija alinipokea vizuri, akaninunulia soda. Akasema anaelewa, ila nivumilie kidogo... gari halijarudisha hela yake. Likirudisha tu, atanunua ng'ombe, nitatoka.

Nilirudi. Nilivumilia.

Mara ya pili nilimkuta Shija amevaa saa mpya. Akasema gari limerudisha, lakini limekula injini nyingine, kwa hiyo hesabu imeanza upya. Mara ya tatu alikuwa ameoa! Mahari ya mke wake ililipwa na gari lile lile. Nikamuuliza, na mimi je? Akasema, "Dada, gari si mwanadamu, huwezi kulikamua kila siku." Ng'ombe wangu walimkamulia mke, nyumba ya bati na saa ya mkononi. Mimi ndiye nilikuwa wa mwisho kwenye foleni, na foleni haikusogea.

Wakati huo pikapu yenyewe ilikuwa inaoza. Maji ya samaki yalikuwa yamekula bodi mpaka unaiona lami ukitazama sakafu. Oili alibadilisha pale tu alipokumbuka. Kila mwezi fundi alichukua chake. Unajua ng'ombe akizeeka? Anaacha ndama nyuma yake. Gari likizeeka linaacha fundi!

Mara ya nne nilitorokea kwa Shija nikiwa na jicho moja limefumba. Minza alikuwa na miaka sita. Masanja hakunifuata. Alituma ujumbe kwa Shija: nataka ng'ombe wangu au nataka mke wangu, chagua.

Na Shija alichagua.

Aliniambia asubuhi, huku akiifuta kioo ile pikapu, kwamba ananirudisha ili tukazungumze kama watu wazima. Mkewe alinifungia mihogo ya njiani. Nilipanda mbele, Minza mapajani, ndani ya gari lililonunuliwa kwa mwili wangu. Kwenye kivuko nilitazama maji nikawaza kuruka, lakini mtoto alikuwa amenishika kidole.

Tulipofika Kamanga magari yakaanza kushuka. Pikapu ikakohoa... ikakohoa tena... ikazima. Nyuma yetu malori yakapiga honi, watu wakafoka. Shija alitoa kichwa dirishani.

"Dada, shuka usukume kidogo. Likishika utapanda."

Nilishuka. Ndugu zangu, nilisukuma! Mikono yangu iliyovimba niliiweka juu ya yale maneno mekundu, ASANTE DADA, nikasukuma gari lililokuwa linanirudisha kwenye fimbo. Minza alidhani ni mchezo. Alisukuma pembeni yangu, anacheka.

Halikushika. Juu ya gati alikuwa amesimama Masanja na pikipiki yake. Alitazama gari, akanitazama mimi, akasema, "Naona ng'ombe wamekufa." Akampakia mtoto mbele, mimi nyuma. Niligeuka kumtazama mdogo wangu niliyemlea mgongoni. Alikuwa ameingiza kichwa ndani ya boneti. Hakukitoa.

Ile ndiyo ilikuwa safari ya mwisho ya gari lile. Fundi alisema halitengenezeki, likauzwa kama vyuma chakavu. Lilidumu miaka saba, na nguvu yake ya mwisho lilitumia kunifikisha kwa mpigaji wangu.

Usiku wa siku ile Masanja alinivunja mkono wa kushoto, na ulijiunga vibaya. Hadi leo siwezi kuinulia sufuria. Nilipopona nilitoroka mara ya tano, peke yangu, kwa sababu Minza alikuwa wa baba yake... ng'ombe hawakurudi. Nilimwacha amelala. Tangu hapo natembea.

Mwaka jana baba alifariki, nikaenda kuzika. Shija alinikuta uani akasema, "Dada, umekonda." Basi. Hakuna kingine. Nilikwenda peke yangu kulitazama zizi. Tupu, majani yameota mpaka kiunoni. Na langoni wamefunga kipande cha bati kwa waya. Nikafuta vumbi kwa kiganja. Ulikuwa mlango wa nyuma wa pikapu, uliobaki vyuma vilipouzwa. ASANTE DADA. Rangi haijafutika.

Haya ningeyaweka moyoni hadi kaburini, kama si simu ya wiki iliyopita. Minza anaolewa! Ng'ombe wameshaletwa. Akaniambia kwa furaha kwamba baba yake anawauza wote, anamnunulia kaka yake Minza, wa mama mwingine, gari la abiria. "Na nyuma ataandika jina langu, mama!"

Nilimsihi. Nilimwambia habari ya gati, ya mkono, ya zizi.

"Wewe uliniacha nimelala," alisema. "Leo unanipangia ng'ombe?"

Akakata. Sasa hivi nikipiga haipokelewi.

Wazazi, nawaomba, msiwageuze mabinti zenu magurudumu! Na ninyi mabinti, msione fahari nilivyoona mimi. Siku ya mahari yenu ulizeni kwa sauti: ng'ombe hawa watalala wapi, na watakuwepo nikirudi?

Na wale vijana wa bajaji waliotaka jibu langu, hili hapa. Gari lililonunuliwa kwa ng'ombe wa binti linapaswa kudumu hadi siku ambayo binti huyo atakuwa hana tena sababu ya kukimbilia kwao. Sijaona kiwanda kinachotengeneza gari la namna hiyo.

Minza, mwanangu, mama yako bado yuko Mkuyuni. Safari hii sihami. Sina ng'ombe hata mmoja wa kukukomboa... lakini ukija umebeba mtoto mgongoni, utanikuta.