Nafasi ya Shahidi

Yah: Kuunganisha Mashine ya Kunakili na Kompyuta. Kwa barua hiyo yenye mihuri mitatu, mwaka 2004, jamaa yangu Ridhiwani, fundi, aliitwa ofisi moja ya Kibiti kwenda kuchomeka waya mmoja.

Alipouchomeka aliomba karatasi ya kujaribia. Hadija, karani, akampa fomu yake mwenyewe, ya kuandikisha kifo cha mumewe. Mumewe, Sadala, alikwenda kukata boriti kwenye mikoko ya Salale, hakurudi, wala maiti haikuonekana. Mwaka wa nne huo, na bado kila hodi ilimwinua kitini. Bosi wake alikwisha kuirudisha fomu mara tano, kwa kuwa nafasi ya shahidi wa kifo haikujazwa.

“Shahidi nimtoe wapi, kaka? Angekuwapo aliyeona, si ningekuwa nimeshazika?”

“Lete tu, dada. Mashine hii haiulizi, inapiga picha.”

Wingu la mvua lilikwishatia chumba giza. Mashine ikakoroma, mwanga ukatambaa chini ya kifuniko, na fomu ikatokea kwenye kompyuta. Kwenye nafasi ya shahidi palikuwa na alama ya dole gumba lenye kovu.

Ridhiwani akafuta kioo, akarudia mara mbili. Kila mara dole lilizidi kukolea.

“Kovu hilo ni la shoka,” Hadija alisema polepole. “Sadala alipojikata, dole nililifunga mimi kitambaa.”

Ridhiwani akainua kifuniko. Kwenye karatasi yenyewe, nafasi ya shahidi ilikuwa nyeupe vilevile.

Hadija akajitanda kanga, akaenda nyumbani kukaa eda.