Sekunde ya Kumi na Tisa

Mpaka leo Koleo hajaweza kueleza kwa nini ilikuwa sekunde ya kumi na tisa. Si ya kumi, ambayo mtu angeielewa, wala ya thelathini, ambayo imeandikwa kwenye karatasi ya maelekezo ya kila ruta. Amejumlisha, ametoa, amegawanya kwa penseli ukutani. Mengine yote ya nyumba ile yana sababu, hata kama ni mbaya kuisikia. Hilo moja limebaki, kama mgeni aliyesimama mlangoni, haingii wala haondoki.

Koleo ni jina la kazini. Mafundi wenzake walimpa kwa sababu akishika kitu haachii. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mtaratibu, aliyeishi peke yake katika chumba cha kupanga, na kazi yake ilikuwa kuingiza intaneti majumbani. Kampuni yao ilikuwa na kanuni moja aliyoishika kuliko wote: fundi haondoki kwa mteja mpaka mteja aone kwa macho yake ukurasa umefunguka. Wenzake walipenda kumtania. "Huyu siku moja atazeekea kwa mteja," walisema, naye alicheka nao, kwa kuwa utani ulikuwa wa haki.

Mchana ule alirudi kwenye nyumba aliyoiunganisha siku tisa nyuma. Lalamiko lilikuwa la kila siku: Wi-Fi ipo, alama zote zimejaa, intaneti hakuna. Jambo la nusu saa.

Mlango ulifunguliwa na mke wa nyumba, mshonaji wa nguo za kike, aliyevaa miwani ya jua ndani ya nyumba yake mwenyewe. Nyuma yake, kando ya cherehani, palikuwa na begi kubwa lililofungwa zipu mpaka mwisho. Mumewe, mchora ramani za majengo, alitokea chumbani akiburuta mguu. Mdomo wake wa chini ulikuwa umepasuka na kukauka vibaya.

Koleo aliona, akaendelea kufungua mkoba wake wa kazi. Alikuwa ameingia nyumba nyingi, na alijifunza kwamba nyumba ni sufuria yenye kifuniko. Aliye nje hupata harufu tu, hajui kinachopikwa.

"Hiyo hapo," mume alisema, akionyesha ruta kwa kidevu. "Fanya unavyojua, dada. Mimi siigusi tena."

"Hata mimi," mke alisema upesi, kisha akakereka kwa kukubaliana naye.

Ilikuwa kwenye rafu ndogo chini ya dirisha, pale pale alipoiweka. Taa ya umeme iliwaka vizuri. Taa ya Wi-Fi vilevile. Ile ya intaneti, ambayo ilipaswa kuwa nyekundu au kuzimika, ilikuwa ya kijani, ikififia na kung'aa, ikififia na kung'aa, polepole, kama kifua cha mtu aliyelala. Koleo hakuwahi kuona taa ikifanya hivyo.

Alifungua kompyuta yake akaingia kwenye ruta. Orodha ya vifaa vilivyounganishwa ilionyesha vinne.

"Mna simu ngapi?"

"Mbili. Na kompyuta yangu," mume alisema.

"Basi wa nne ni nani?"

Kifaa cha nne hakikuwa na jina, na kila kilichotoka kwenye simu zao kilikwenda kwake, kikaishia hapo. Koleo alikizuia. Kikarudi. Akakizuia tena, kikarudi kabla hajainua kidole.

"Tuizime kidogo," alisema. "Sekunde thelathini, kisha tuiwashe."

Mke alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mlango. "Wale wa huduma kwa wateja waliniambia hivyohivyo kwenye simu. Zima, hesabu thelathini. Nikazima." Alivua miwani. Jicho la kushoto lilikuwa limefumba, zambarau iliyoiva. "Muulize huyu aliyekuwa amesimama nyuma yangu."

"Sikukugusa!" mume alifoka. "Nimekuapia mara ngapi? Kesho yake nikaizima mimi, ukanipiga kwa kiti mgongoni, mguu huu hapa, mdomo huu hapa. Mimi nimemwambia nani?"

"Kiti! Mimi niinue kile kiti?"

"Ndugu zangu," Koleo alisema kwa upole, "mkae wote wawili mbele yangu, nikiwaona." Akabonyeza swichi.

Alihesabu kwa sauti, kama afanyavyo siku zote, ili mteja asichoke kusubiri. Tano. Kumi. Ilipofika kumi na nne chumba kilinuka nywele zinazoungua. Kumi na saba, cherehani ilianza kuzunguka gurudumu lake yenyewe, taratibu, bila uzi. Kumi na tisa, mume aliinuka sakafuni kana kwamba ameshikwa ukosi, akabamizwa ukutani uso ukitangulia, mara moja, mara mbili, mpaka lipu ikapasuka na damu ikachora mstari, na kabla Koleo hajapata pumzi ya kupiga kelele mke naye alivutwa nywele kwenda nyuma, akaburutwa kuizunguka cherehani huku visigino vyake vikipiga meza na viti na kila kilichokuwepo, akilia jina la mumewe, na kitu ambacho Koleo hakukiona kilimkanyaga yeye mwenyewe kifuani, kizito, cha moto, chenye kwato au ngumi hajui, kikamkanyaga tena, naye akajiburuta kwa viwiko kuelekea rafuni, akahisi meno yakiingia begani kupitia shati, meno mengi kuliko yanayoweza kutosha mdomo mmoja, akanyoosha mkono hivyohivyo, meno yakiwa bado begani, akabonyeza swichi.

Kimya. Taa ya kijani ikafifia, ikang'aa.

Mume alikuwa ameegemea ukuta, pua imekaa upande. Alimtazama mkewe aliyelala chini ya meza, naye mke akamtazama.

"Kumbe si wewe," mume alisema.

"Kumbe si wewe," mke alisema, akaanza kulia, si kwa maumivu.

Ndipo mlango wa chumba cha ndani ulipofunguka. Bibi wa nyumba, mama yake mume, alikuwa amekaa wiki mbili kwa binti yake, akarudi asubuhi ile na kulala usingizi wa safari. Alisimama na fimbo yake. Hakutazama damu. Alitazama ukuta chini ya dirisha, pale kebo nyeusi ilipoingilia.

"Nani amekitoa kigingi?"

Koleo alijua papo hapo. Siku ile ya kuunganisha aliona tundu la zamani ukutani, limezibwa kwa kijiti cheusi kilichozungushiwa uzi mwekundu uliochakaa. Fundi yeyote mwenye akili hutumia tundu lililopo kuliko kutoboa jipya. Ukuta hauumii na mteja hasafishi vumbi. Aliwauliza wenye nyumba kama wanakihitaji. Wakasema hawajui hata ni cha nini, labda marehemu mzee alikuwa akitundikia kitu.

"Mimi, Bibi," alisema. "Nilikitoa kwa koleo. Nikapitisha kebo, ruta ikiwa imeshawaka."

Bibi aliketi kwenye kiti kilichokuwa kimesimama bado. Alisema kwa sauti ya chini, kama mtu asiyetaka kuamsha mtoto.

"Baba yenu hakuwa mtu wa kutundika vitu. Kuna jini aliyekuwa akipita hapa kabla ya nyumba, akakuta tumejenga kwenye njia yake. Alimvunja shingo fundi wa paa. Alimpiga mdogo wangu mpaka akafa, naye hakuwa amekosa lolote ila kulala sebuleni. Mganga alikesha siku tatu, akambana humo ukutani. Akasema asitolewe. Nami nikaona nikisema, mtaogopa nyumba yenu wenyewe. Nikanyamaza." Alifuta macho kwa ncha ya khanga. "Kwa hiyo kosa tumegawana, mwanangu. Usilibebe peke yako."

"Mganga yuko wapi?" Koleo aliuliza.

"Kafa. Hakumwachia mtu maneno yake."

"Na sasa yumo kwenye ruta?" mume aliuliza kwa pua iliyoziba.

"Amezoea kubanwa," Bibi alisema. "Ikiwaka, ametulia ndani. Ikizimika, nani wa kumshika?"

Taa ya darini ilitikisika, ikafifia, ikarudi. Wote wanne waliinua macho. Hakuna aliyehitaji kuambiwa kitatokea nini umeme wa mtaa ukikatika.

Koleo alitoka mbio hadi kwenye gari, akarudi na betri ya kubebeka aliyoitumia kazini, pamoja na kopo la bati. Fundi hatupi kitu. Alimwaga kopo sakafuni: skrubu, misumari, vipande vya kebo, na katikati yake kile kijiti cheusi chenye uzi mwekundu. Mke alipumua kwa nguvu.

"Ni hicho," Bibi alisema. "Aliyekitoa ndiye akirudishe."

Walipanga. Koleo angeizima ruta, angeichomoa kebo ukutani, na kukipigilia kigingi kabla ya kumi na tisa, jini akiwa bado hajajinyoosha. Mke angekaa rafuni, kidole kwenye swichi. Mume angehesabu.

"Dada Koleo," mke alisema, "ukiona imeshindikana, piga kelele. Usijifanye shujaa."

"Shujaa wapi? Nataka tu kwenda nyumbani."

Swichi ikabonyezwa. "Moja," mume alianza. Koleo aliivuta kebo. Ilikwama, ikatoka sekunde ya saba. Ya tisa kigingi kilikuwa tunduni. Ya kumi akainua nyundo, akapiga, na kigingi kikapita laini kama kidole katika pete ya mtu mwingine, kikaangukia nje ya nyumba.

Hapo ndipo alipokumbuka. Kichwa cha kebo kilikuwa kinene. Siku ile alichukua drili akalipanua tundu, kidogo tu, upana wa unyasi.

"Hakikai!" alisema. "Tundu ni kubwa! Washa!"

Lakini mume, kwa hofu, alikuwa amekimbiza hesabu na kisha akaipoteza, na mke alikuwa akimtazama yeye badala ya swichi, na harufu ya nywele zinazoungua ilishajaa kooni mwao, na kutoka ndani ya tundu lile lisilozidi upana wa kidole gumba kitu kiliushika mkono wa Koleo, kikauvuta, kidole cha kwanza kikaingia ukutani mpaka kifundo kikalia kama kuni kavu, cha pili kikafuata, naye akaweka mguu ukutani akavuta na ukuta ukavuta, huku nyuma yake Bibi akirushwa pamoja na kiti na fimbo yake ikivunjikia mgongoni mwake mwenyewe, na mume akijitupa juu ya mama yake ili mapigo yampate yeye, na yakampata, ubavu baada ya ubavu ukasikika ukivunjika, hata mke aliporukia swichi kwa kichwa, akaigonga kwa paji la uso kwa sababu mikono yake yote miwili ilikuwa imekunjwa nyuma.

Kimya tena. Koleo aliutoa mkono. Vidole viwili vilibaki ukutani.

Kebo ilikuwa imelala sakafuni, haijaungwa na chochote. Hata hivyo taa ya intaneti ilikuwa ya kijani, ikififia, ikang'aa.

Mke alimfunga Koleo mkono kwa kitambaa kizuri cha mteja wake wa kushonewa, bila kuuliza ni cha nani. Mwishowe mume akasema wakiokote kigingi, wakirudishe na kukizibia kwa saruji. Bibi akatikisa kichwa: saruji haikumjua yule, na hakuna tena aliyejua maneno. Kilichobaki ni kimoja tu. Ruta isizimike. Betri ziwepo, mtu awepo wa kuzibadilisha, na mtu huyo asichoke.

"Nitabaki mimi," Bibi alisema. "Nimeishi naye ukuta kwa ukuta miaka yote hii. Ninyi ni vijana."

"Mama, huwezi hata kuinuka," mume alisema.

"Nitajifunza kukaa."

Koleo alimgeukia mke. "Hebu nikuulize kama mteja. Tangu niondoke siku ile, umewahi kuona ukurasa umefunguka?"

Mke hakuelewa. "Hapana. Hata mmoja."

"Basi sijamaliza kazi," Koleo alisema. "Nanyi mnanizuia."

Bibi alimtazama sana. Kisha akavua ufunguo wa nyumba shingoni, akaufunga kwenye mkono mzima wa Koleo, kama mtu anavyomfunga mwanawe hirizi.

Ndivyo ilivyoamuliwa. Jioni ileile mshonaji alifungua begi lake, akatoa nusu ya nguo zake, akaingiza za mumewe, akafunga zipu. Walimbeba Bibi katikati yao. Walikwenda hospitali kwanza, kisha mbali, na bado wako pamoja. Humpigia Koleo simu mara kwa mara, naye huwajibu kutoka uani, maana sebuleni simu haitoi sauti ya mtu.

Koleo alihamisha vitu vyake kwa gari lake mwenyewe, safari moja. Umeme wa mtaa hauaminiki, kwa hiyo ruta huwa kwenye betri, naye anazo tatu. Tundu la umeme la ruta ni moja tu, kwa hiyo kila saa sita huchomoa ya zamani na kuchomeka mpya kwa mkono wenye vidole vitatu. Wapita njia husimama chini ya dirisha na simu zao. "Dada, hapa Wi-Fi imejaa, nigawie nenosiri basi!" humwambia. Yeye huwaambia haina intaneti, nao humwona mchoyo.

Anapobadilisha betri anahesabu kwa sauti. Zamani alimaliza kwenye nne. Mkono umeanza kuwa mgumu. Wiki iliyopita alifika kumi na saba, na cherehani waliyomwachia ikageuza gurudumu lake.