Sufu Nyekundu ya Numeri

Kila asubuhi, kabla mkaa haujashika moto vizuri, Vetia huchukua mtungi akateke maji kwenye hodhi la njia panda, mtaani Subura. Asubuhi hiyo alikwenda mbio na kurudi mbio, na nusu ya maji ikamwagikia miguu yake.

Ilikuwa sikukuu ya njia panda. Jioni iliyopita kila nyumba ilitundika wanasesere wa sufu kwenye kibanda cha miungu walinzi, mmoja kwa kila mtu, ili mizimu ikipita iwachukue wanasesere na kuwaacha watu. Kwao Vetia walikuwa watano: baba, mama, bibi, yeye mwenyewe na mdogo wake Numeri, wa miaka miwili. Kwa kuwa Vetia alikuwa ametimiza miaka kumi na mmoja, kazi ya kuwatengeneza alipewa yeye.

Alitundika wanne.

Sufu nyekundu ya mwanasesere wa Numeri aliitamani, akamfumia gauni mtoto wake wa mbao wa kuchezea. Bibi Opia alipomuuliza, "Wote umewatundika?" alijibu, "Wote, bibi," macho yakiwa sakafuni.

Na sasa Numeri alikuwa akikohoa.

Vetia aliketi, akainuka. Akafagia mahali palipokwisha fagiwa. Mkate wake akawamegea njiwa uani. Kila kikohozi kilipotoka chumbani, mabega yake yaliruka. Akatoka hadi mlangoni, akamkuta Rufila wa jirani.

"Mbona unazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia?" Rufila akacheka.

"Niache!"

"Haya, shikamoo mama mkubwa! Lakini wanasesere wenu nimewahesabu, wako wanne. Nani hamumtaki humo ndani?"

"Hujui kuhesabu wewe!" Vetia akafoka, akafunga mlango. Uongo wa pili huo, na jua bado halijafika juu ya paa.

Numeri akakohoa tena, kwa muda mrefu. Vetia hakuweza kuvumilia zaidi. Akamkimbilia bibi jikoni, aliyekuwa akikanda maandazi ya asali ya sikukuu, akaeleza yote huku akilia. "Mizimu itamchukua, bibi! Ni mimi!"

Bibi Opia alipangusa unga mikononi, kidole kimoja kimoja.

"Usiku ulilala?"

"Sikulala."

"Umekula?"

"Hakishuki."

"Nani amekuadhibu?"

"Hakuna. Hakuna aliyejua."

"Wewe ulijua. Sikiliza, mjukuu wangu. Numeri alianza kukohoa juzi, sufu bado iko kikapuni. Mama yako amefunga madirisha kwa ajili ya baridi, na moshi wa mkaa umejaa chumbani. Tutafungua, tumpe maji ya moto na asali. Kikohozi si chako. Uongo ndio wako."

Walifungua madirisha. Kisha Vetia akalivua lile gauni, akalifumua uzi baada ya uzi, akaviringisha kichwa, mikono na miguu ya mwanasesere wa tano. Alitaka kwenda kumtundika kwa kujificha, lakini Rufila na nusu ya mtaa walikuwa wamesimama pale kibandani.

"Ulihesabu sawasawa," Vetia akamwambia Rufila. "Mimi ndiye niliyedanganya."

Rufila akaleta kigoda. Akakishikilia Vetia apande kumtundika mwanasesere.

Mchana Numeri alikuwa akiwafukuza njiwa uani, kikohozi kimepungua. Vetia alikula maandazi mawili, akaomba la tatu.

"Mimi kila jioni, kabla ya kuzima taa, hujiuliza nimekosa wapi leo," bibi akamwambia. "Nikiona kosa, naamua kulirekebisha kesho yake, kisha nalala. Binadamu wote tunakosea, mwanangu. Lakini anayeficha kosa hubaki amefungwa nalo chumba kimoja, na ufunguo anao yeye mwenyewe."

Alitaka kuendelea, ila alipotazama, Vetia alikuwa amelala fofofo mapajani pake, asali bado iko kidevuni, na filimbi za sikukuu hata hazijaanza kulia.