Alama ya Taulo kwenye Goti la Kuka

Kila jioni, akishatoka shule na kuwasha jiko, Nelima alikuwa na kazi moja isiyokwepeka: kulikanda goti la Kuka. Ndivyo walivyomwita babu yao, Mzee Wakhungu, pale nyumbani Kimilili. Mjukuu wake Khisa angetahiriwa Agosti, na mzee alikuwa ameapa kumsindikiza kwa miguu yake mwenyewe hadi mtoni, ambako vijana hupakwa matope kabla ya kutahiriwa.

"Sitabebwa kwa bodaboda kama gunia la mahindi," alisema.

Daktari Gladwell, mtaalamu wa viungo katika kliniki moja mjini Bungoma, alikuwa amemwagiza Nelima hivi: maji yawe vuguvugu, ayapime kwa kiwiko, akande dakika kumi. Kazi rahisi, sivyo? Lakini Alhamisi hiyo wenzake walikuwa nje wakiruka kamba na kumwita. Nelima alichovya taulo katika maji yaliyotoka jikoni wakati huohuo, akalikunja mara mbili, akalibandika gotini. Habari ya kiwiko hakuikumbuka kabisa.

"Kuka, inachoma?"

Mzee aliuma meno. "Mimi nilisimama mbele ya kisu bila kupepesa jicho. Maji ndiyo yanishinde? Enda ucheze."

Naye akaenda, mbio!

Jumamosi walikuwa Bungoma. Kliniki ilikuwa na taa ya kupasha viungo joto, na kamera ya ajabu isiyogusa mwili wala kutoboa ngozi. Iliona joto tu, na kulionyesha kwa rangi: buluu ni baridi, manjano ni vuguvugu, nyekundu ni moto. Kila baada ya dakika chache Daktari alizima taa na kupiga picha, ajue ngozi imepata moto kiasi gani. Nelima alipenda sana kuzitazama rangi hizo.

Leo nyekundu ilionekana hata kabla ya taa kuwashwa. Kwa macho, ngozi ya mzee ilikuwa salama salimini.

"Mzee, mnakanda na maji gani nyumbani?" Daktari aliuliza.

"Vuguvugu, Daktari. Huyu mtoto ni mwangalifu sana."

Nelima aliona haya mpaka masikio yakawaka. Kuka alikuwa anamkinga!

"Basi naogopa goti limevimba kwa ndani," Daktari alisema polepole. "Ikiwa ni hivyo, habari ya kutembea Agosti tuisahau."

Mzee aliinamisha kichwa. Nelima alimtazama, moyo ukamuuma kuliko aibu yote.

"Daktari, ni mimi," alisema. "Sikupima maji. Yalikuwa ya moto, yametoka tu jikoni."

Daktari aliitazama picha tena, akacheka kidogo. "Ala! Ndiyo maana. Hebu oneni, alama ina pembe nne. Si ni lile taulo la kukandia? Ugonjwa hauna pembe nne." Kisha uso wake ukawa mzito. "Ningewasha taa juu ya ngozi iliyoungua, ningemchoma mara ya pili. Na wewe mzee, hukusikia moto?"

Kuka alikohoa. "Nilisikia."

"Sasa ulinyamaza kwa nini? Kamera yangu huona joto la ngozi tu. Haioni mliyofanya jikoni, wala uchungu unaoumeza. Hayo ni ya kuniambia nyinyi. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ukimficha daktari ukweli, umemfunga macho."

Taa ilipumzishwa wiki mbili, ngozi ikapona. Tangu siku hiyo Nelima hakugusa taulo kabla ya kuchovya kiwiko, hata wenzake wamwite namna gani.

Agosti ilipofika, Kuka alitembea hadi mtoni, polepole, fimbo mkononi. Khisa aliporudi uani na kusimama wima mbele ya kisu, hakupepesa jicho, na watu wakashangilia. Nelima alimsogelea babu yake.

"Kuka, goti?"

Mzee aliwatazama wazee wenzake, kisha akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Linauma, mjukuu wangu. Niletee kiti."