Mke wa Zamu ya Asubuhi

"Mumeo ana mke kule," Msusi alisema. "Tena wanafanya kazi meza moja."

Mshonaji alikuwa na pini tatu mdomoni. Alizitoa moja moja, akazichoma kwenye kimto, ndipo akauliza.

"Nani kasema?"

"Kaka yangu. Si amerudi juzi? Alikuwa mji uleule, akapita kwenye hicho kiwanda cha kufulia kutafuta kibarua. Anasema Mrefu yuko pale na mwanamke, na kila mtu anajua ni mke na mume. Mimi shoga yako. Ningenyamaza ungekuja kunilaumu."

"Kaka yako huyohuyo aliyesema amekula chakula na waziri?"

"Haya. Mimi nimefikisha."

Msusi akarudi saluni kwake, mlango wa pili, ametulia kama mtu aliyemwaga maji akawaachia wenzake kudeki.

Siku ile Mshonaji alipachika mkono wa kushoto wa sare ya shule upande wa kulia. Akafumua. Akarudia kosa lilelile. Miaka mitatu sasa mumewe, aliyeitwa Mrefu tangu utotoni, alikuwa nje ya nchi anakunja shuka za mahoteli. Matumizi yalikuja, nyumba ikapanda hadi kwenye linta. Kilichopungua ni maneno. Zamani akipiga simu aliuliza mpaka habari za kuku. Siku hizi alikuwa na dakika. "Nina dakika kumi tu, mama watoto." Alishukuru kwa kila kitu, hata kwa salamu. Na akicheka, alicheka kidogo, kama anaogopa kuamsha mtu.

Alipofunga kazi akaitafuta video aliyotumiwa na mumewe miezi mingi nyuma. Alipoiona mara ya kwanza alisifia usafi wa sakafu. Sasa hakuiona sakafu. Aliona shuka kubwa, Mrefu ameshika pembe mbili huku, mwanamke mwenye kilemba cha bluu ameshika mbili kule. Wanasogeleana, wanakutanisha pembe, vidole vinagusana, wanarudi nyuma. Wanasogeleana tena. Aliirudia mara ishirini, na kila mara vidole vilichelewa zaidi kuachana.

Kesho yake Mrefu akapiga wakati wa mapumziko yake.

"Yule unayekunja naye ni nani?"

"Yupi?"

"Wa kwenye video. Kilemba cha bluu."

"Aa, yule. Mfanyakazi mwenzangu."

"Ana mume?"

"Anaye. Yuko kwao, anaumwa mgongo. Mbona unanihoji kama afisa wa uhamiaji?"

"Nakuhoji kama mkeo. Au nafasi hiyo imeshajazwa?"

Mrefu akacheka kile kicheko chake kipya. Kabla hajajibu, sauti ya mwanamke ikapenya kwenye simu, ikaita jina la mwanamume. Halikuwa jina la Mrefu. Na Mrefu akaitika.

"Naam, nakuja."

"Umeitika jina la nani?"

"Nitakueleza."

"Nieleze sasa hivi."

"Haya hayasemwi kwenye simu, mama watoto. Dakika zimeisha."

Baadaye akatuma ujumbe: "Niamini. Nikirudi nitakueleza yote."

Naye akamjibu: "Ukirudi na nani?"

Siku mbili hakula akashiba. Siku ya tatu akaingia saluni, akaketi kwenye kiti cha kusukia bila kuvua kanga kichwani.

"Hicho kiwanda kina ukurasa mtandaoni?"

"Kinao," Msusi akasema. Alikuwa ameshautafuta.

Wakaandika pamoja, simu ikatafsiri: *Huyu mtu mrefu ni mume wangu wa ndoa. Jina lake ni hili hapa chini. Anafanya kazi kwenu na mwanamke mwenye kilemba cha bluu. Naomba kujua kama ni mkewe.* Wakaweka picha ya harusi.

"Nitume?" Msusi akauliza.

"Weka na cheti cha ndoa. Wasije wakasema nimejipachika."

Majibu yalikuja kesho yake, ya adabu kabisa: *Asante kwa taarifa. Hatuna mfanyakazi mwenye jina hilo. Mtu aliye pichani tunamjua kwa jina jingine, na mke wake yupo hapa kazini. Picha na cheti tumevipeleka panapohusika.*

"Unaona?" Msusi akasema. "Mke wake."

Mshonaji alikuwa kwenye sentensi ya mwisho.

"Panapohusika ni wapi?"

"Mimi ni msusi. Nitajuaje?"

Simu ya Mrefu ilizimwa siku tisa. Siku ya kumi ikaingia namba ngeni.

"Wewe ndiye mke wa Mrefu?" Sauti ilikuwa ileile iliyopenya.

"Na wewe ndiye mke wake mwingine?"

"Mimi ni mke wa mwenye karatasi. Mume wangu aliumia mgongo akarudi nyumbani, kibali chake cha kazi kikabaki hai. Mumeo hakuwa na kibali. Akaingia kazini kwa jina la mume wangu. Kwa hiyo mbele ya msimamizi mimi na yeye tulikuwa mke na mume, na sehemu ya mshahara wake ndiyo iliyomtibu mume wangu. Zamu ikiisha, yeye kwake, mimi kwangu."

"Mbona hakuniambia?"

"Angekuambia, ungemwambia shoga yako."

Mshonaji akautazama ukuta wa saluni.

"Mimi nimefukuzwa. Yeye wanamrudisha. Sikukupigia nikutukane, dada. Nilitaka tu usikie sauti ya mtu uliyekuwa unamwonea wivu."

Mrefu alifika mchana, watoto wako shule, ana begi moja tu. Akaketi kwenye kiti cha wateja.

"Karibu," Mshonaji akasema.

"Asante."

"Umekonda."

"Walitufungia mahabusu, sisi wa kurudishwa."

"Ningejua, nisingeandika."

"Ningekuambia, usingeandika. Kosa la kwanza ni langu."

"Msimamizi hakuona kuwa sura si ile?"

"Picha ya kwenye kibali ni ndogo. Na miaka yote ile hakuwahi kututofautisha."

Mshonaji akakunja kitambaa, akakikunjua.

"Ulimpenda?"

Mlango wa pili, Msusi akazima kikaushio cha nywele ili asikie vizuri.

"Kila asubuhi msimamizi aliniuliza mlangoni, mkeo hajambo? Namjibu hajambo," Mrefu akasema. "Mwanzo nilikuwa nakukumbuka wewe nikijibu. Ikafika siku nikawa najibu bila kukukumbuka. Hapo ndipo nilipokukosea. Ila mkono wake sikuushika nje ya shuka."

Jibu hilo lilimuuma kuliko kama angeambiwa walilala pamoja. Lakini alijua ni kweli, na ukweli alikuwa na njaa nao.

"Mimi nilitaka urudi tu."

"Nimerudi. Nyumba haina paa, sina kazi, na kuna mgonjwa huko hana dawa kwa sababu yetu. Sikuachi, mama watoto. Ila leo usiniulize nakupenda kiasi gani."

Mshonaji akainuka, akafunga mlango wa upande wa saluni, akavuta stuli akaketi karibu naye.

"Leo sikuulizi. Kesho je?"

"Kesho uliza."

Wanangu, mlio na wenzenu ughaibuni, epukeni haya:

Kumfanyia uchunguzi mwenzio ukisaidiwa na shoga.

Kutuma jina, picha au cheti cha mtu kwa mwajiri wake, hata uwe na hasira ya namna gani. Kule hawasomi wivu, wanasoma jina.

Kufanya kazi kwa jina la mtu mwingine.

Kumficha mkeo au mumeo riziki inavyopatikana.

Kusema "nitakueleza nikirudi". Tafuta namna umweleze mapema.

Na mtu akirudi, epuka kumdai siku ya kwanza majibu ya miaka mitatu.