Abena wa Jumanne

"Jina kamili!"

"Abena Serwaa, afande!"

"Tarehe ya kuzaliwa!"

Abena akakaza macho mbele. Alikuwa amesimama wima katikati ya uwanja wa shule, mtaa wa Asokwa, Kumasi, nywele kashazikata fupi kwa ajili ya usaili wa Uhamiaji, jasho linamchuruzika. Aliyekuwa akijifanya ofisa mbele yake ni Kwaku, mpenzi wake, ambaye pia ndiye kocha wa vijana wote wanaojiandaa kuomba kazi za magwanda.

"Mbona kimya? Jumatatu watakuuliza hilihili."

"Nitawajibu wao."

"Nijibu mimi. Machi kumi na nne, tisini na nane. Kila mwaka nakununulia keki, unadhani nimesahau?"

Akafungua kalenda kwenye simu. Wanafunzi wake wote huwaonya: usipunguze umri, maana ofisa mjanja akisikia jina lako la siku, anatazama kwanza tarehe hiyo iliangukia siku gani. Na kwa watu wa Kumasi, kila mtoto hupewa jina la siku aliyozaliwa, na halikosewi.

Uso ukambadilika.

"Hii ni Jumamosi. Wa Jumamosi ni Ama. Wewe Abena, wa Jumanne. Umeghushi vyeti? Watakufunga!"

"Vyeti vyangu ni safi. Vimeandikwa tisini na tano."

"Sasa aliyedanganywa nani?"

"Wewe."

Kwaku akaivua filimbi shingoni. Abena machozi yakamlengalenga.

"Tulipojuana uliniambia umezaliwa tisini na saba. Halafu mama yako akasema mbele yangu, huku anakula ugali wake wa kenkey, kwamba mwanawe haoi mwanamke aliyemzidi umri. Nilikuwa nimeshakupenda, Kwaku. Nikajipunguza."

"Miaka mitatu unanichezea akili!"

"Nisamehe."

"Jumapili nilikuwa nakuja na wazee kubisha hodi kwenu, nikupose. Sahau!"

Akaondoka, mwanamume kifua mbele, utadhani malaika.

Jumapili hakuna aliyebisha hodi. Abena akamwandikia: "Nikifaulu napelekwa mafunzoni, na simu zinakusanywa getini. Usiniache niende na kinyongo chako."

Jibu likaja: "Anayedanganya umri atadanganya na mengine."

Iliuma. Abena akalia hadi hasira zikampanda, akafungua kalenda na yeye. Akaitafuta Agosti kumi na moja, tisini na saba, siku ya Kwaku. Akaitazama. Akafuta machozi, akaitazama tena.

Jumatatu alipimwa urefu, akakimbia, akaulizwa maswali. Ofisa alisikia jina, akapekua simu yake, akatikisa kichwa kwa kuridhika: "Jumanne. Safi." Jioni jina lake likasomwa miongoni mwa waliofaulu. Akampigia Kwaku palepale.

"Hongera," Kwaku alisema kwa ubaridi.

"Asante, Kojo."

"Kojo nani?"

"Wa Jumatatu. Tarehe yako ilikuwa Jumatatu. Kwaku ni wa Jumatano. Au mama yako alisahau siku aliyojifungua?"

Nyuma yake vijana walisikika wakihesabu pushapu.

"Abena..."

"Umezaliwa mwaka gani?"

"Tisini na tatu." Sauti ilikuwa ndogo. "Ni umri wa mpira. Kocha alinipunguzia miaka minne nipate majaribio ya timu ya vijana. Goti likaharibika, mpira ukaisha, umri ukabaki. Niliona aibu kuurudisha."

"Kwa hiyo umenizidi!"

"Nimekuzidi."

"Mkuki kwa nguruwe, Kwaku! Usingejipunguza wewe, nisingejipunguza mimi. Keki zako zote nimezila kwa woga!"

"Wewe ulikiri palepale, mimi nikakunyooshea kidole. Nisamehe, mpenzi. Nakupenda."

Abena alitaka kumkatia simu. Alimpenda mno, hakukata.

"Maneno hayo kayaseme mbele ya mjomba wangu."

Jumatano Kwaku akaja na wazee na chupa mbili za schnapps, pombe ya posa. Mjomba Adusei alimkazia macho.

"Unayebisha hodi ni nani?"

"Kwaku Agyei, mjomba. Nimeona ua kwenye bustani yako, naomba kulichuma."

"Una miaka mingapi?"

Mama yake Kwaku akakohoa. Kwaku akamtazama Abena.

"Thelathini, mjomba."

"Wee!" rafiki yake akaropoka kutoka nyuma. "Juzi si ulikuwa na ishirini na sita?"

"Nimekua ghafla."

Nyumba nzima ikaangua kicheko, hata mama yake. Mjomba akaishika chupa, akamgeukia Abena na kumuuliza kama desturi inavyotaka.

"Abena, tuipokee?"

"Ipokeeni."

Akauliza mara ya pili, akajibiwa hivyohivyo. Akauliza mara ya tatu.

"Abena, tuipokee kweli?"

Abena akakaza mwili, mikono ubavuni.

"Ipokeeni, afande!"

Ijumaa alikuwa kwenye geti la chuo cha mafunzo, begi mgongoni. Mlinzi alikuwa amekwishanyoosha mkono kuchukua simu, ujumbe ukaingia.

"Nenda salama, mdogo wangu. Nakusubiri."

Akausoma mara mbili, akacheka peke yake, kisha akamkabidhi mlinzi simu na kuingia ndani.